Kitufe cha Kijani Hakitoshi

Kuna msimamo uliokita mizizi katika vyuo vyetu, katika kampuni ndogo za programu na katika makundi ya WhatsApp ya madevelopa, kiasi kwamba anayeupinga huonekana mtu wa mbwembwe. Unasema hivi: ukiandika mradi wa Java, unachohitaji ni NetBeans, Eclipse au IntelliJ IDEA, na kile kitufe cha kijani chenye pembetatu. Bonyeza, programu inakompailiwa, inafunguka, kazi imekwisha. Haya mambo ya Ant, Maven na Gradle, ya skripti inayokompaili, kufanya majaribio na kufungasha programu kwa amri moja, ni ya kampuni kubwa zenye madevelopa mia. Kwa mradi wa mtu mmoja au watatu, tunaambiwa, ni kujitafutia balaa: XML isiyo na mwisho, bando linalokwisha kabla hujaandika chochote, na ujumbe wa makosa usiosomeka.

Wanaosema hivyo si wavivu. Wengi wao ni wachapakazi wanaokesha ili mfumo wa mteja uwe tayari Jumatatu asubuhi, na baadhi ya malalamiko yao ni ya kweli. Lakini hitimisho lao ni bovu, na hasara yake hawaibebi wao. Inabebwa na aliyelipia mfumo. Skripti ya kujengea ni sehemu ya programu. Mradi unaojengeka kwenye laptopu ya mtu mmoja tu haujakabidhiwa bado, hata kama fedha yote imeshalipwa.

Tuanze na kitufe chenyewe, maana kinasifiwa kwa kazi isiyo yake. Tangu NetBeans 4.0, mwishoni mwa 2004, mradi wa kawaida uliozaliwa ndani ya NetBeans ulikuwa mradi wa Ant. Fungua folda ya mradi kama huo, utakuta faili la build.xml, na ndani ya folda ya nbproject utakuta jingine, build-impl.xml, refu kuliko msimbo wa mwanafunzi aliyelibonyezea kitufe. Kazi yote hufanywa na mafaili hayo. Kwenye Android Studio hali ni ileile: kitufe huiita Gradle, kisha hukaa pembeni kusubiri majibu. Kwa hiyo anayejisifu kwamba hatumii skripti, mara nyingi anatumia skripti asiyoijua. Ubishi wetu basi haupo kati ya kuwa na skripti na kutokuwa nayo. Upo kati ya skripti uliyoisoma na ile uliyoandikiwa kimyakimya.

Eclipse ina kisa chake. Hiyo ina kompaila yake yenyewe, tofauti na javac inayokuja na JDK. Kompaila ya Eclipse inaweza kutoa faili la klasi hata pale msimbo una kosa. Programu itakwenda vizuri mpaka ifike kwenye metodi yenye kosa, ndipo ianguke. Javac ingekataa tangu mwanzo. Mtu anayesema “kwangu inapita” akiwa na Eclipse anatoa ushahidi wa kompaila moja, ilhali seva au mwenzake anategemea nyingine.

Sasa tuangalie kitufe kinaficha nini. Kwanza, toleo la Java. Developa ana JDK 17, seva ya mteja ina Java 8. Jar inapelekwa, inawashwa, nayo inatema UnsupportedClassVersionError: faili ni la toleo 61.0, seva inaishia 52.0. Namba hizo hazimwambii mteja kitu. Maana yake ni kwamba mtu alikompaili kwa Java mpya programu iliyokusudiwa kuishi kwenye Java ya zamani, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba lengo lilikuwa Java 8. Ukweli huo ulikuwa kichwani mwa developa, au kwenye dirisha fulani la mipangilio alilolifungua mara moja na kulisahau.

Pili, herufi. Sisi tunaoandika Kiswahili hudhani tatizo hili ni la Wafaransa na Waarabu, kwa sababu maandishi yetu hayana vitone wala vikofia. Lakini tuna ng’. Programu za kuandikia hupenda kugeuza kile kialama kilichonyooka kuwa kilichopinda, na kilichopinda hakimo katika ASCII. Hifadhi faili kwa UTF-8, kisha ulikompaili kwenye Windows kwa Java ya kabla ya toleo 18 bila kutaja aina ya herufi. Mfumo wa ranchi utawaonyesha wafugaji “ngâ€™ombe”. Java 18, iliyotoka Machi 2022, ndiyo iliyoifanya UTF-8 kuwa chaguo la kawaida kwenye mashine zote. Kabla ya hapo, msimbo uleule uliokompailiwa kwenye Linux ulitoka salama na wa Windows ukatoka na majani. Dawa ni maneno mawili kwenye skripti: -encoding UTF-8. Anayetegemea kitufe hana pa kuyaandika ambapo mwenzake atayaona.

Tatu, na hapa ndipo pesa inapopotea, kuna kumbukumbu ya binadamu. Tarehe 1 Aprili 2020 Kenya ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, na tarehe 1 Januari 2021 ikairudisha 16. Fikiria mfumo wa risiti wa duka la vifaa vya ujenzi. Ndani yake kuna klasi iitwayo Kodi, yenye mstari huu:

public static final int ASILIMIA = 16;

Klasi ya Risiti inasoma Kodi.ASILIMIA na kupiga hesabu. Amri ya serikali inatoka. Developa anafungua Kodi.java, anafuta 16, anaandika 14, anakompaili faili hilo moja, anabeba Kodi.class kwenye flashi hadi kwenye seva ya duka, anaiweka mahali pa ile ya zamani na kuwasha mfumo upya. Risiti ya kwanza inatoka na asilimia 16. Anarudi kuangalia msimbo: 14. Anazima seva na kuiwasha tena: 16. Hakuna kosa lililoandikwa popote.

Mchawi hayupo. Maelezo rasmi ya lugha ya Java yanasema wazi kwamba thamani ya aina hii, ya static final inayojulikana tangu wakati wa kukompaili, hunakiliwa moja kwa moja ndani ya kila klasi inayoitumia. Risiti.class haiiulizi Kodi chochote wakati programu inaendeshwa. Ile 16 imo tumboni mwake tangu siku ilipokompailiwa. Kubadilisha Kodi bila kukompaili Risiti upya ni kubadilisha bango na kuacha bei za dukani vilevile.

Mtetezi wa kitufe atadakia: kihariri changu kingezikompaili zote mbili. Sawa. Lakini kihariri hakikupeleka kitu kwenye seva. Aliyepeleka ni mtu, kwa mkono wake, akichagua faili alilodhani ndilo pekee lililobadilika. Skripti haichagui kwa kudhani. Inafuta matokeo ya zamani, inakompaili kila kitu, inaendesha majaribio, inafungasha jar moja, na jar hiyo ndiyo inayosafiri.

Nikiri jambo hapa kwa niaba ya kambi yangu: skripti mbovu nayo huingia katika mtego huohuo. Ant, ikiachwa ilivyo, hutazama saa za mafaili tu, ikiona Risiti.java haijaguswa, huiacha. Ndiyo maana waliozoea Ant huanza na “clean” kabla ya kutoa toleo la mteja. Tofauti ni kwamba kosa la skripti hurekebishwa mara moja na kubaki limerekebishwa kwa wote. Kosa la kumbukumbu hurekebishwa leo na kurudi mwezi ujao kwa mtu mwingine.

Ugonjwa huu ni mkongwe kuliko Java. Mwaka 1976, katika Bell Labs huko Marekani, Stuart Feldman aliandika Make baada ya mwenzake Steve Johnson, mwandishi wa Yacc, kumjia akilaani kwamba amepoteza asubuhi nzima kutafuta kosa katika programu iliyokuwa sahihi. Kosa alikuwa ameshalirekebisha. Faili tu ndilo halikukompailiwa upya. Johnson hakuwa mwanagenzi, na mradi haukuwa wa watu mia. Kama kumbukumbu ya mtu kama huyo haikutosha, ya kwetu sisi tunaofanya kazi saa nane za usiku tunaitegemea kwa ushahidi gani?

Tuje kwenye hoja zao zenye uzito. Ya kwanza ni bando. Ni kweli: mara ya kwanza unapoendesha Maven au Gradle kwenye mashine mpya, itapakua maktaba za mradi pamoja na viungo vyake yenyewe, na kwa anayenunua bando la siku, hiyo ni gharama halisi. Wanaoandika miongozo wakiwa na intaneti isiyopimwa hulipuuza jambo hili, na wanakosea. Lakini malalamiko haya yanahusu mara ya kwanza. Maven huhifadhi ilichopakua katika folda ya .m2, Gradle katika .gradle, na zote mbili hukubali kufanya kazi bila mtandao: mvn -o kwa moja, gradle --offline kwa nyingine. Chuo au ofisi yenye kompyuta thelathini inaweza kuweka seva moja ya Nexus ndani ya jengo. Kitu kinapakuliwa mara moja, wote wanakichukua hapo.

Halafu tuitazame njia mbadala inayotetewa. Jar ya maktaba inarushwa kwa WhatsApp, inahamishwa kwa flashi, inawekwa kwenye folda ya lib ikiwa na jina commons.jar. Toleo gani? Imetoka wapi? Nani aliigusa njiani? Hakuna ajuaye. Bando limeokolewa, na mradi umebeba mgeni asiye na kitambulisho.

Tena hakuna aliyesema lazima uanze na Maven. Skripti ya mradi mdogo usio na maktaba za nje inaweza kuwa hii, nzima:

rm -rf matokeo && mkdir matokeo
javac --release 8 -encoding UTF-8 -d matokeo $(find src -name '*.java')
jar cfe duka.jar duka.Kuu -C matokeo .

Mistari mitatu. Inaendeshwa kwenye Linux, kwenye Mac, na kwenye Windows yenye Git Bash. Haili hata kilobaiti moja ya bando. Ndani yake umeandikwa uamuzi kuhusu toleo la Java, aina ya herufi, mahali msimbo ulipo na klasi inayoanza. Yote ambayo kitufe kilikuwa kinajua peke yake, sasa yanasomeka na yeyote. Madai kwamba skripti ni anasa ya kampuni kubwa yanaishia hapo.

Hoja ya pili ni XML. Hapa wana haki kubwa zaidi, ila wamechelewa. James Duncan Davidson aliandika Ant wakati akiiandaa Tomcat ya Sun kuwa programu huria, na toleo la kwanza la Ant inayojitegemea lilitoka Julai 2000. Baadaye Davidson mwenyewe alisema kwamba XML haikuwa chaguo zuri kwa kazi iliyokua na kufanana na lugha ya programu. Maven, iliyofikia toleo 1.0 mwaka 2004, ilijaribu kupunguza maneno kwa kuweka desturi: msimbo unakaa src/main/java, majaribio yanakaa src/test/java, na ukifuata desturi huna haja ya kueleza. Gradle, iliyofikia 1.0 mwaka 2012, iliiacha XML kabisa. Kwa hiyo, ndiyo, wapo waliozikwa chini ya build.xml ya mistari elfu. Lakini anayekataa skripti mwaka huu kwa sababu ya mateso ya enzi zile anapigana na adui ambaye wenye zana wenyewe walishampunguza nguvu.

Hoja ya tatu ni ya kisasa zaidi, na naiheshimu. Tangu Java 11 ya 2018 unaweza kuandika java Kuu.java na faili likaendeshwa bila kukompaili kwanza. Tangu Java 22 ya Machi 2024 hata programu yenye mafaili kadhaa huendeshwa hivyo. Basi skripti ya nini? Kwa zoezi la darasani, si lazima. Kwa kujaribu wazo jioni moja, si lazima. Lakini duka la vifaa haliendeshi mafaili ya chanzo. Linaendesha jar iliyopita majaribio, na siku ya hitilafu lazima ujue jar ile ilitoka kwenye msimbo upi. Mwalimu anayetaka wanafunzi waanze na javac kwa mkono namuunga mkono kabisa. Waandike amri hizo mpaka ziwakere. Wakishakereka, awaonyeshe kwamba skripti ni amri zilezile, zimeandikwa mahali pamoja. Anayeruka kutoka kitufe hadi kitufe hafundishwi Java, anafundishwa kubofya.

Sasa nigeuke niulize mimi. Desemba 2021 dunia nzima iligundua tundu katika Log4j, maktaba ya kuandika kumbukumbu za programu inayotumiwa na mifumo ya Java isiyohesabika. Tundu hilo, lililopewa jina Log4Shell, lilimwezesha mtu wa mbali kuendesha msimbo wake kwenye seva yako kwa kukutumia maandishi tu. Toleo 2.15.0 lilitolewa kama dawa, likaonekana halitoshi, likaja 2.16.0, kisha 2.17.0, yote ndani ya mwezi huohuo. Mwenye pom.xml ya Maven aliandika mvn dependency:tree na kuona kama Log4j imo, pamoja na maktaba iliyoileta. Maana mara nyingi hukuiita wewe, imeletwa na uliyemwita. Alibadilisha namba, akajenga, akapeleka. Dawa ya pili ilipotoka alirudia, na ya tatu vilevile. Mwenye folda ya lib alifanya nini? Alifungua seva moja baada ya nyingine akitafuta majina ya mafaili, huku akijua kwamba jar inaweza kuwa imefichwa ndani ya jar nyingine. Na kama laptopu iliyojenga mfumo ilishaibwa au kuharibika, hakuwa na namna hata ya kutoa toleo jipya.

Wapo watakaonikumbusha XZ. Machi 2024 Andres Freund aligundua mlango wa siri katika programu hiyo ya kubania mafaili kwenye Linux, na sehemu ya hila ilikuwa imefichwa katika skripti za kujengea. Hivyo skripti nazo ni hatari? Bila shaka; chochote kinachoendesha amri ni hatari. Lakini tazama hila ilipokaa: faili lililoianzisha lilikuwemo kwenye kifurushi kilichosambazwa, na halikuwemo kwenye hazina ya Git ambayo watu walikuwa wakiisoma. Fundisho la XZ ni kwamba njia ya kujengea programu ikiwa gizani, mtu mbaya hupata pa kujificha. Sidhani kuna giza kuliko mipangilio ya kihariri ndani ya laptopu ya mtu mmoja.

Hilo linanirudisha kwenye umiliki, ambao ndio kiini cha ugomvi wangu. SACCO inaajiri developa, inalipa, inapokea mfumo wa mikopo. Mkataba unasema “mfumo umekabidhiwa”, na kilichokabidhiwa ni jar pamoja na, kwa bahati njema, zip ya msimbo. Miaka miwili baadaye riba inabadilika na developa amehamia kwingine. Mwingine anaitwa, anafungua zip, anakuta njia za mafaili zinazoanza na C:\Users\ na jina la mwenzake, maktaba tano zisizokuwemo, na hakuna dalili ya toleo la Java. Anakadiria kazi, kisha anashauri mfumo uandikwe upya. SACCO inalipa mara mbili kwa kitu kimoja. Ilikuwa imenunua nyumba ikapewa funguo bila hati. Wapo pia, tusifichane, wanaoipenda hali hii, kwa sababu mteja asiyeweza kujenga mfumo wake hana pa kwenda.

Linganisha na OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioandikwa kwa Java. Ulianza 2004 kwa ushirikiano wa taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis na mpango wa AMPATH wa Eldoret, ukaanza kutumika huko Kenya mwaka 2006, ukafika Rwanda na nchi nyingine nyingi. Waandishi wake wametawanyika mabara kadhaa. Wengi hawajawahi kuonana. Leo mgeni anachukua msimbo, anaandika mvn clean install, na anapata kilekile wanachopata wenzake. Bila hilo, kila nchi ingebaki na nakala yake yenye kilema chake, na daktari wa Eldoret angesubiri mtu mmoja wa ng’ambo aamke. Wala asiniambie mtu kwamba huo ni mradi mkubwa. Ulianza mdogo, ungekuwa umefungwa kwenye laptopu moja usingekua.

Basi nadai mambo matatu. Mwalimu anayesahihisha mradi wa mwisho auchukue kutoka Git, aujenge kwa amri moja kwenye kompyuta ambayo mwanafunzi hajawahi kuigusa, na usipojengeka asisome zaidi. Mnunuzi wa mfumo aandike kwenye mkataba kwamba malipo ya mwisho yatatoka baada ya mtu wa pili, asiye mwandishi, kuujenga kutoka kwenye msimbo mbele ya shahidi. Na wewe unayesema mradi wako ni mdogo mno kwa skripti, mpe mwenzako folda yako leo, umkataze kukupigia simu, umwombe akurudishie jar inayofanya kazi. Akishindwa, ujue kwamba mteja wako bado hajapewa alichokilipia.